Seva ya Tanuri la Mama

Alhamisi, 18 Ramadhani

Nina hasira. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu anitulize.

Leo kwenye futari Mama alisubiri wote tushibe, akanawa mikono, akatangaza. Mama yangu ni Haga Insaf, Haga yaani Hajjati, mwenye tanuri la kuokea la mtaa wetu hapa Damanhur tangu Baba afariki. Akasema magoti yake yamekwisha. Baada ya Idi atamkabidhi ufunguo wa tanuri mtu mmoja: ama mimi, Bahgat, mwanawe wa kiume wa pekee, ama Wagdi, mume wa dada yangu Nashwa. Atatazama tutakavyoendesha msimu wa kahaki, vile vibiskuti vya samli vya Idi, kisha ataamua.

Atatazama! Mtoto wa kumzaa analinganishwa na mtu aliyeletwa na ndoa! Ufunguo ule Baba aliuvaa shingoni. Mimi ndiye niliyeung'ata nilipokuwa naota meno. Wagdi wakati huo hata hakujulikana anaishi wapi.

Wagdi aliinamisha macho akasema lolote atakaloamua Haga ni sawa kwake. Mnafiki! Halafu akachukua katayifu tamu ya mwisho sahanini.

Kila mwaka ni yale yale. Kumi la mwisho likiingia, nyumba zote zinakanda kahaki za Idi. Majiko ya nyumbani hayatoshi, kwa hiyo kila mwanamke anabeba sinia alilotuazima kuja kwetu, na wakifika wanagombania foleni. Mwaka jana kuna mtu alimwagiwa unga kichwani. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Dawa ya Wagdi ni kukata maboksi matupu ya samli, kuandika namba kwa kalamu nene na kugawa vipande mlangoni. Ndiyo akili yake yote hiyo. Na kila sinia linachomekwa kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Karne hii!

Mimi nitatengeneza tovuti. Mwanamke atakaa kwake, atafungua simu, ataandika jina, idadi ya masinia na saa. Kompyuta itapanga. Hakuna foleni, hakuna maboksi, hakuna Wagdi. Nilisoma kozi ya kompyuta na cheti kiko ukutani. Ufunguo ni wangu.

Ijumaa, 19 Ramadhani

Siku ya laana. Kufunga bila sigara mtu anaweza. Kufunga bila sigara huku unaweka seva, hapana!

Kurasa nimeziandika kwa PHP. Ukurasa wa namna hiyo haufunguki hivi hivi. Lazima kompyuta iwe na seva, programu inayousoma, inaupika, halafu inakutolea ukiwa umeiva. Mimi hilo nalijua. Nililisahau kidogo tu. Nikaubonyeza ukurasa moja kwa moja, nao ukanimwagia matumbo yake yote kwenye kioo: mabano, vidoti, alama za dola. Nikaufunga. Nikaubonyeza tena kwa nguvu zaidi. Matumbo yale yale.

Sawa. Nikawasha seva. Taa nyekundu. Nikawasha tena. Nyekundu! Ikaniambia mlango inaoutaka umeshakaliwa na programu nyingine. Programu gani? Nikatafuta mchana kutwa. Kumbe ni ile ya simu za video, Nashwa aliiweka ili Wagdi aongee na mama yake aliyeko Jidda. Hata ndani ya kompyuta yangu ukoo wa Wagdi umekaa mlangoni! Nikaifuta. Yote. Na picha zake.

Halafu nikatengeneza ghala la data, mahali pa kuwekea majina. Likaniuliza nataka herufi za aina gani. Lilikuwa limeshajichagulia jibu lenyewe, nikaliacha. Sina muda wa kubishana na ghala.

Karibu na magharibi taa ikawa kijani. Nikaandika 127.0.0.1 juu ya kivinjari, na pale pale: KARIBU TANURI LA HAGA INSAF! Maandishi ya dhahabu na fanusi pembeni. Nikaandika jina langu kuujaribu, kwa herufi za Kiingereza kama wafanyavyo mainjinia. Likapokelewa. Lilikaa vizuri kabisa kwenye ghala. Nilitaka kulia.

Nikamwita Mama aone. Akaitazama kompyuta, akaweka kiganja juu yake, akauliza kama joto hilo linatosha kuokea.

Jumamosi, 20 Ramadhani

Bango limepanda. Kitambaa cheupe, upana wa kichochoro kizima, maandishi mekundu: WEKA NAFASI YA KAHAKI ZAKO KWA SIMU. Chini yake, kubwa kuliko yote, 127.0.0.1. Mwandishi wa mabango aliuliza mara mbili kama hiyo ndiyo namba kamili. Nikamwambia yeye aandike tu, mambo ya kisayansi aniachie mimi.

Upande mmoja tumelifunga kwenye roshani yetu, upande wa pili ikabidi roshani ya Haga Tafida. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Alifundisha Kiarabu shule ya wasichana mpaka nusu ya wanawake wa mtaa wakapitia mkononi mwake, na wote bado wanamwogopa. Sinia lake ndilo linaloingia tanurini kwanza kila mwaka, tangu enzi za Baba. Alisimama roshani kwake kama anayesahihisha mtihani, akasema, “We Bahgat, hii ni namba ya simu ya nani? Mbona fupi?” Nikamweleza kwa adabu kwamba ni anwani ya seva. Akasema haya, lakini mwaka huu kahaki zake si za mchezo. Mjukuu wake ameolewa, na hii ni Idi ya kwanza, lazima sinia la bibi lifike kwa wakwe likiwa linameta. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa injinia.

Chini kichochoroni Wagdi alikuwa anakata maboksi. Akaniuliza, “Shemeji, na asiyekuwa na simu?” Nikamjibu asiye na simu asile kahaki. Akacheka, akidhani ni utani.

Jumapili, 21 Ramadhani

Hakuna hata mmoja! Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Ghala la data lina mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Baada ya adhuhuri wakaanza kuja. Mama Karima wa ghorofa ya pili anasema simu yake inamwambia ukurasa haupatikani. Nikamwambia azime awashe. Akazima, akawasha, haupatikani. Nikamwambia basi simu yake ni ya kupondea vitunguu saumu. Akaja mwingine, akaja mwingine. Wote wimbo mmoja. Haga Tafida amemtumia namba mwanawe aliyeko Kuwait, fundi wa mitambo ya mafuta, naye hakuona kitu. Nikasema Kuwait ni mbali, jua la jangwani linaharibu mawimbi.

Na kwangu inafungua! Nimeifungua mbele yao. Nikaifunga, nikaifungua. Inateleza kama samli! Nikawaambia wazi: seva nzima, anwani nzima, ugonjwa uko kwenye simu zenu na vidole vyenu. Mtaa mzima mnashindwa kuandika tarakimu sita!

Mama Karima akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mimi tangu utotoni nilikuwa mtoto wa kelele. Kisha akaenda kwa Wagdi akachukua kipande cha boksi. Wote wakamfuata.

Nimevunja fanusi la Ramadhani lililokuwa mezani. Si kwa makusudi. Lilikuwa karibu na mkono.

Jumatatu, 22 Ramadhani

Aibu. Lakini si yangu.

Nilikwenda kwa Sabri, fundi simu wa pembeni, kumlaumu kwa kuuzia watu mikweche. Nikampa namba. Akaniuliza ndiyo hiyo iliyo kwenye bango? Ndiyo hiyo. Akaweka bisibisi chini. Akacheka mpaka akashika meza, akatoka nje akacheka huko, akarudi.

Akasema, “Injinia, hiyo namba kila mashine inajiita yenyewe. Ukiiandika kwenye kompyuta yako, kompyuta inajitafuta. Ukiiandika kwenye simu ya Haga Tafida, simu ya Haga inajitafuta, na ndani yake hamna tanuri. Bwana wee, umetundika bango la kuuambia mtaa mzima ujitafute!”

Nani aliyepitisha jambo kama hilo? Namba moja watu wote! Je, na nyumba zote za Damanhur zikiwa namba moja, mpeleka barua atafanyaje? Hasira yangu yote sasa iko kwa watu hao, popote walipo.

Sabri akanionyesha anwani ya kweli ya kompyuta yangu, ile iliyopewa na kisanduku cha waifai cha tanurini. Nayo ni 192.168 na mikia yake. Akaongeza, huku akipangusa machozi, kwamba itafunguka tu kwa aliyeunganishwa na waifai hiyo, na waifai hiyo haivuki mlango wa tanuri kwa hatua nyingi. Nikamwambia hilo nililijua. Ni la usalama.

Mwandishi wa mabango ameshonea kiraka juu ya namba ya zamani. Hakuuliza kitu. Alikuwa anatabasamu na ukuta.

Jumatano, 24 Ramadhani

Wamekuja! Mlango wa tanuri umejaa! Kila mwanamke ameshika simu juu akitafuta waifai. Tovuti inafanya kazi!

Wagdi, kwa ile sauti yake ya upole inayonitia wazimu, akasema, “Shemeji, naomba nielewe. Wanakuja kusimama mlangoni, ili waweke nafasi, ili wasije kusimama mlangoni?” Nikamwambia teknolojia haielezwi kwa watu wa maboksi.

Kuna kasoro ndogo. Wakiingia wengi kwa pamoja, kisanduku cha waifai kinakufa. Mume wa Mama Karima aliingia akaanza kutazama mpira, wote wakakwama. Nikatoka kumfukuza, nikarudi, nikakuta nini? Wagdi amewagawia vipande vya boksi vya zamu ya kuingia kwenye waifai! Namba za kuchukua namba! Na wametulia! Na wanamshukuru! Damu ilinichemka mpaka masikio yakauma.

Nikakusanya vipande vyote, mikononi mwao, mifukoni mwa Wagdi, mezani, nikavitupa motoni. Nikasimama juu ya gunia la unga, nikatangaza. Kuanzia leo hakuna boksi. Hakuna vijikaratasi vya majina kwenye masinia. Kompyuta inajua nani ameleta nini. Mtakuja Ijumaa baada ya sala, kila mtu atasikia jina lake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mdomo wa tanuri. Akauliza, “Una hakika, mwanangu?” Nikasema nina hakika. Akasema kama nina hakika, basi haya. Alisema “haya” kwa namna nzuri. Naufahamu uso wa Mama. Ufunguo ulikuwa njiani kuja.

Ghala limejaa. Ninatazama hesabu ikipanda tu. Majina nitayasoma siku yenyewe.

Ijumaa, 26 Ramadhani

Sitaki kuandika. Ninaandika kwa sababu kuna watu watakaosema uongo juu ya siku hii.

Baada ya sala masinia yakaanza kuingia. Yote meusi, yote sawa, kwa sababu yote ni yetu, tunawaazima. Hayana karatasi, kama nilivyoagiza. La Haga Tafida lilitangulia kama kawaida, likasukumwa nyuma kabisa. Mengine yakajipanga mbele yake. Tanuri likajaa. Harufu ya samli ikatoka mpaka barabarani. Wanawake wakasimama wakingoja majina.

Nikafungua orodha. Jina la kwanza: ?????

La pili: ??????? La tatu: ???? Ukurasa mzima! Nikashuka chini, nikapanda juu. Mtaa mzima ulikuwa alama za kuuliza, isipokuwa mmoja aliyeandikwa Bahgat.

Sasa nimeelewa kilichotokea na ninasema si kosa langu. Ghala lile lilikuja limefundishwa herufi za Kiingereza tu. Kiarabu kikiingia, linakitafuna na kukitema hivyo. Na wao, wote, kila mmoja, waliandika majina yao kwa Kiarabu! Nani aliwaambia?

Ndicho nilichowaambia pale pale. Nilipaza sauti, sikatai. Nilisema kama mngeandika kama watu waliosoma, tusingefika hapa. Mama Karima akaniuliza tulipo ni Damanhur au London. Wakaanza kusukumana. Huyu anasema lile la pembeni ni langu, yule anasema thubutu, ni langu. Wagdi akachukua koleo refu atoe masinia. Nikamzuia. Nikasimama mbele ya tanuri, mikono nimetandaza, nikasema hakuna sinia litakalotoka mpaka orodha isomeke. Lazima kuwe na utaratibu!

Wagdi akasema, “Shemeji, zinaungua.” Nikasema ngoja. Akasema, “Bahgat, zinaungua!” Nikasema ngoja nizime niwashe.

Ni Mama aliyeinuka. Kwa magoti yale. Akanisogeza kwa mkono mmoja kama pazia, na Wagdi akaanza kuvuta. Ya mbele yalikuwa salama. Wagdi akayapanga chini, akawaomba waje mmoja mmoja watazame nakshi zao. Kila nyumba ina namna yake ya kuzibana kahaki kwa kibanio, huyu majani, huyu jua, huyu mistari. Kabla chai ya futari haijachemka kila mtu alikuwa na zake. Eti wakaniangalia mimi kana kwamba hilo ni jambo la ajabu.

La nyuma kabisa lilitoka mwisho. Makaa. Haga Tafida alilitazama. Akasema tu, “Zilikuwa za mtoto,” akashika ukuta, akaenda zake.

Nikamwambia akiwa anaondoka kwamba angekubali kuwa wa pili mara moja tu maishani mwake, zisingeungua. Ni kweli tupu.

Jumamosi, 27 Ramadhani

Mama hasemi nami. Anapitisha maneno kwa Nashwa. “Mwambie kaka yako chumvi hiyo hapo.” Chumvi naiona!

Alasiri nikawakuta, yeye na Nashwa, mikono kwenye unga, samli yetu nzuri ya akiba, wanabana nakshi za nyota, za Haga Tafida. Wagdi akawasha tanuri kwa sinia moja tu. Kuni za sinia moja! Nikasema hiyo ni hasara. Wagdi akaongeza ukuni.

Baada ya futari Mama akaniita, sisi wawili tu. Akasema mambo ya kompyuta hayamhusu. Kompyuta inaweza kukosea, na yeye mwenyewe mwaka aliofiwa aliunguza masinia mawili ya watu. Alikwenda kila nyumba. Akasema, “Utalibeba hili sinia, utalipeleka kwa Haga Tafida, utamwambia ‘nimekukosea, nisamehe’. Maneno hayo tu, Bahgat. Usiongeze. Ukifanya hivyo kabla ya Idi, ufunguo nitakupa wewe. Wewe ni mwanangu na ndicho ninachokitaka. Mengine mtaa utasahau.”

Akanishika shavu. Mkono ulikuwa na harufu ya samli. Nikasema sawa Mama.

Maneno mawili! Ufunguo wa Baba kwa maneno mawili! Nimeshinda! Wagdi, kwaheri.

Jumatatu, 29 Ramadhani

Nimekwenda. Nataka ijulikane kwamba nimekwenda.

Nilibeba sinia. Na kompyuta pia, kwa sababu mtu hawezi kuomba radhi bila ushahidi. Haga Tafida akafungua mlango, kaona sinia, kaona nyota zake, uso ukalegea kidogo. Akasema karibu mwanangu. Nikafungua mdomo kusema yale maneno. Wallahi yalikuwa pale pale kwenye ulimi.

Lakini nikafikiri, nikisema nimekukosea bila maelezo, si ataamini kwamba nimekosea kweli? Nikamwomba nimwonyeshe kitu kimoja tu. Pale mlangoni hapakuwa na meza, nikaweka kompyuta juu ya sinia. Nikafungua orodha. Nikamwonyesha alama zake za kuuliza, na jina langu lilivyokaa salama. Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu mzima, kwamba angeandika jina lake kwa herufi za Kiingereza hakuna ambacho kingeungua. Kwamba Kiarabu, kwa kompyuta, ni lugha ya usumbufu.

Nilikuwa nimesahau kidogo kwamba alikuwa mwalimu wa Kiarabu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Umemaliza, Injinia?” Ndiyo mara ya kwanza ameniita injinia. Nikasema nimemaliza. Akafunga mlango taratibu, sinia na kompyuta vikiwa bado mikononi mwangu. Nilipoinua kompyuta, nyota za katikati zilikuwa unga.

Nikateremka. Mama alikuwa chini ya ngazi. Akalitazama sinia. Akatazama kompyuta. Nikaanza kumweleza. Akanyanyua kiganja.

Wanawake wakaidi! Nimepanda ngazi zote zile na sinia!

Jumatano, 1 Mfungo Mosi. Idi

Wamempa Wagdi.

Baada ya sala, mbele ya tanuri, watu wamevaa nguo mpya. Jana Nashwa alikuwa amekanda tena, Wagdi akaoka, akapeleka mwenyewe baada ya futari. Eti alisimama mlangoni kwa Haga Tafida akasema kwa pumzi moja, “Haga, tumekukosea, tusamehe,” na Haga akamvutia ndani akamnywesha maji ya ukwaju. Tumekukosea! Yeye alikosea nini? Alikuwa ameshika koleo tu! Mtu anaomba radhi kwa kosa la mwingine ili apate ufunguo. Huo ni wizi.

Mama aliutoa ufunguo kifuani, akauangalia kwanza, kisha akamvika. Wagdi akalia. Akanitafuta kwa macho akasema tanuri ni letu sote, shemeji, na kesho anataka nije tusaidiane. Nikasema nitaangalia kama nina nafasi.

Iliniuma. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikwenda nyuma ya magunia ya unga nikakaa. Harufu ya Baba bado iko pale. Mama alinifuata, akasimama, akasema bado nina miguu na mlango wa Haga Tafida bado upo pale pale. Ufunguo umeshakwenda, alisema, lakini yale maneno bado ninadaiwa, na si Haga peke yake. Mtaa mzima.

Nikamwambia nimesikia.

Ijumaa, 3 Mfungo Mosi

Nimepata ufumbuzi! Sijalala vizuri hivi tangu mwezi uandame.

Mama yuko sahihi. Mtaa mzima unataka kuombwa radhi. Sasa nani atapanda ngazi za mtaa mzima, abishane na kila mlango? Hiyo ndiyo njia ya Wagdi. Mimi nimetengeneza ukurasa wa kuomba radhi. Mtu aliyekwazika anaandika jina lake, anabonyeza, na seva inamwomba radhi papo hapo, kwa jina, kwa maandishi ya dhahabu. Herufi za Kiarabu nimezitengeneza, asije mtu akaniletea maneno.

Upo hapa chumbani, kwenye kompyuta yangu. Tangu jana hakuna aliyeufungua. Ina maana kinyongo hakikuwa kikubwa kama Mama anavyodai.

Nimeujaribu mwenyewe. Nikaandika jina langu. Ukajibu: Mpendwa Bahgat, tumekukosea. Umevumilia mengi kwa ajili yetu. Tunakuomba radhi kwa moyo wote.

Nikausoma tena. Macho yakanilowa. Mwezi mzima huu wa maudhi na dharau, hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuniambia maneno kama hayo, si Wagdi, si Haga Tafida, si Mama. Chini kuna kitufe cha kijani cha kusamehe. Nimewaza kidogo, nikakibonyeza. Nimewasamehe wote. Hao wengine wakiutaka ukurasa, waje hapa nyumbani, wapange foleni.